Breki za Gari la Marehemu

Habari ya kifo cha Bi Salma niliipata kwa muuza vitambaa mmoja mjini, siku mbili baada ya maziko. Nikafunga duka langu la vipuri saa sita mchana nikaenda nyumbani kwake Muthangari. Matangani hapaalikwi mtu, lakini mimi nilikuwa na sababu zangu za kusitasita pale langoni. Wanaume walikuwa wameketi uani juu ya mikeka, kisomo kimekwisha, sahani za pilau zinapita. Nikapewa nafasi. Kijana mmoja wa nyumba ile, aliyeniona nikiegesha, akanichokoza, "Mzee, ile gari yako si ungeuza tu uchukue ingine? Ama wewe ni wale wa kutengeneza tengeneza mpaka mwisho?" Watu wakacheka. Nami nilitaka kucheka nao, nikashindwa, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kuulizwa katika nyumba hiyohiyo, hatua kumi tu kutoka nilipokuwa nimeketi, nikiwa na miaka ishirini na minne, na nililijibu kwa uongo. Baadaye Rukia, bintiye marehemu, alijikongoja na fimbo yake hadi mlangoni, akanitazama kitambo, kisha akasema, "Wekesa, wamekupa nyama au wamekupa wali mtupu?" Hapo ndipo nilipojua kwamba naweza kukaa.

Mwaka ule nilikuwa dereva wao. Nililala katika chumba cha uani, nyuma ya jikoni, na chakula changu nilikipokea dirishani: mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi mchana, na usiku chochote kilichosalia, ambacho katika nyumba ya watu wa pwani hakikuwa kidogo. Mimi niliyekulia ugali na mboga ya kunde niliona kila siku ni Krismasi. Kisha Mzee Athumani, mwenye nyumba, akaugua wiki moja akafariki, na Bi Salma akaingia eda. Kwa asiyejua, mke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na hakai na wanaume wasio maharimu wake, yaani wasio ndugu asioweza kuolewa nao. Mimi, Mkristo kutoka Magharibi, nilikuwa sijui hata moja kati ya hayo. Nilichokiona ni kwamba mama aliyekuwa akinipigia kelele kutoka kiti cha nyuma, "Punguza mwendo, gari si ndege!" sasa alikuwa sauti tu nyuma ya pazia la kijani. Nikitaka kumpa habari za duka lao la mjini, nilisimama ukumbini, nikavua viatu, nikakohoa. Pazia halikutikisika. Sauti ikasema, "Nakusikia, mwanangu. Sema."

Gari lilikuwa la marehemu Mzee Athumani, stesheni-wagoni ya rangi ya maziwa, kuukuu kiasi kwamba vipuri vyake vilipatikana tu kwa wanaochinja magari mabovu. Mzee alilipenda. Mimi nililiogopa. Niseme wazi hapa, kwa sababu nimewahi kuisimulia hadithi hii nikijifanya kijana hodari. Woga ule ulianza wiki ya tatu ya eda, asubuhi moja nikishuka mteremko wa kwenda Kitisuru, Rukia kando yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ndogo huko, na kumpeleka na kumrudisha ndiyo iliyokuwa kazi yangu kubwa. Nilikanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni kama nimekanyaga ugali. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu ikashika kabisa, na gari likasimama kabla ya daraja. Rukia alikuwa akisahihisha madaftari mapajani, hata hakuinua kichwa. Mimi jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Fundi wangu alikuwa Ochieng, mtu wa Siaya, aliyefanya kazi chini ya mti wa jakaranda kando ya barabara na vifaa vyake vyote ndani ya ndoo. Alifungua ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ambayo mafundi huiita masta, akaipangusa kwa kitambaa, akanionyesha kwa ndani. "Umeona hizi mistari? Imelika. Mipira ya kuzuia mafuta nitakuwekea mpya, itashika wiki mbili, tatu. Lakini masta yenyewe imeenda, Wekesa. Ya hii gari hupati. Ambia hao watu watafute gari ingine."

"Hakuna njia?"

"Njia iko. Pampu na mguu. Moja, mbili, tatu, inakuja. Lakini si ya kubeba watu hiyo. Hiyo ni ya kuleta gari mpaka kwa fundi."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeamua kusema. Naapa nilikuwa nimeamua. Lakini nilipofika dirishani kuchukua sahani yangu ya mchana, nikamsikia Mjomba Feisal ndani. Huyu alikuwa kaka yake Bi Salma, mfanyabiashara wa mjini, mtu mpole, na wakati ule wa eda ndiye aliyeshika mambo ya nyumba. Kwa kuwa ni ndugu wa damu, yeye aliweza kuketi na dada yake. Akasema, "Salma, hili gari la marehemu halina maisha. Kuna rafiki yangu Mombasa ana otomatiki nzuri, ndogo. Rukia ajifunze, ajiendeshe mwenyewe. Dereva wa nini tena?" Sikusikia Bi Salma alijibu nini, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yameziba. Wali ulikuwa wa moto na harufu yake nzuri, nami niliurudisha nusu, jambo ambalo jikoni walilishangaa. Kwa miezi saba kabla ya kuipata kazi ile nililala sakafuni kwa watu, Kangemi, nikihamishwa kila mgeni wa maana alipokuja. Niliijua baridi ya sementi ile. Kati ya kuogopa breki na kuogopa sementi, niliogopa sementi zaidi. Hivyo ndivyo akili ya mtu inavyoweza kupinda, na inapinda polepole hata mwenyewe asiusikie mlio.

Siku tatu baadaye Bi Salma aliniita. Nikasimama ukumbini, peku, nikitazama marinda ya lile pazia. Akasema, "Wekesa, kaka yangu ataka gari liuzwe. Binti yangu hana la kusema. Mimi si mpenzi wa mabati, usidhani nalilia gari la mume wangu. Lakini wewe ndiye ulikaliaye kila siku. Nakuuliza wewe: litengenezwe au libadilishwe?"

"Litengenezwe, mama," nikasema. "Bado lina nguvu. Ni mipira tu, na fundi ameshaibadilisha."

Akauliza, "Breki je? Naona siku hizi waingia langoni polepole. Zamani ulikuwa wakata kona mpaka kuku waruka."

Alikuwa hanioni kwa macho, na bado alikuwa ameliona lile ambalo Rukia, aliyekaa kando yangu kila siku, hakuliona. "Naheshimu matanga, mama," nikasema. Nilipata wapi maneno yale, Mungu anajua. Nyuma ya pazia nilisikia akishusha pumzi. "Mungu akuweke, mwanangu," akasema. Mjomba akaambiwa aachane na ile otomatiki mpaka eda iishe. Nilirudi chumbani kwangu nikaketi kitandani, na badala ya kufurahi nikaanza kuhesabu zile wiki mbili, tatu za Ochieng.

Watu huja dukani kwangu sasa na swali hilo. Wananiletea pampu iliyooza ndani ya gazeti, wanauliza kama watengeneze au wabadilishe gari zima, na wanashangaa ninapowauliza kwanza ni nani mwingine huliendesha. Wengine hunijibu kwa hasira kwamba hiyo si kazi yangu. Ni kweli, si kazi yangu. Lakini najua jinsi mtu anavyolizoea gari bovu hadi ubovu ukawa siri kati yake na mguu wake. Mimi nililizoea. Mipira ya Ochieng ilishika wiki mbili, kisha pedali ikaanza kuzama tena, nami nikaanza kupiga pampu, moja, mbili, tatu, kabla ya kila kona, kila tuta, kila taa. Nilifanya hivyo hadi mguu ukawa unafanya wenyewe hata nikiwa nimeketi kanisani. Nilikuwa nikiomba Mungu mvua isinyeshe. Nilipofika juu ya ule mteremko wa Kitisuru nilikuwa naingiza gia ya pili, nashika usukani kwa mikono miwili, na sipumui mpaka darajani. Waswahili husema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kitu pekee nilichozaa ni hofu.

Rukia, wakati huo, alikuwa ameanza kujifunza kuendesha. Hakumwambia mama yake. Alijiandikisha katika shule ya udereva katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, chumba chenye meza kubwa iliyochorwa barabara na vigari vya mbao vya kusukuma kwa kidole. Nilikuwa nikimshusha hapo Jumamosi na kumsubiri. Siku moja nilipanda ngazi kumwita nikamkuta ameinama juu ya meza, buibui lake limeburura chokaa, anamwambia mwalimu kwa sauti ya darasani, "Naangalia nyuma, naangalia kando, natoa ishara, naingia." Alikuwa na furaha ya mtoto. Alipofaulu mtihani alinionyesha cheti ndani ya gari, akakirudisha haraka mkobani. "Eda ikiisha nitampeleka mama popote anapotaka," akasema. "Wewe utakaa nyuma kama mkubwa." Kisha akanitazama miguu. "Lakini Wekesa, mbona wewe wakanyaga breki mara tatu tatu? Sisi tumefundishwa mara moja, taratibu."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa mbele yangu, mpana kabisa. Ningesema neno moja tu. Nikasema, "Ni mazoea tu, dada. Kila dereva na mguu wake."

Eda ilikuwa imebaki siku kumi na moja. Ilikuwa Jumapili. Mimi nilikwenda ibada Kangemi, nikala kwa watu, nikarudi kama saa tisa alasiri. Lango lilikuwa wazi. Pale gari linapokaa palikuwa na doa la mafuta tu, na kuku wawili. Nikamwuliza mlinzi, naye akajibu akitabasamu, "Dada amechukua. Amesema anakimbia shuleni mara moja kuchukua karatasi za mtihani. Anaendesha poa, we!"

"Amekwenda saa ngapi?"

"Si kitambo sana. Hata saa nzima haijaisha."

Nilikimbia. Nilikuwa na viatu vya kanisani na suti ya kuazima, nikakimbia hadi barabara kuu, nikapunga mikono mpaka pikapu ya muuza miche ikasimama. Nikapanda nyuma katikati ya michongoma na mawaridi, na sikuhisi miiba hata kidogo. Njia nzima nilikuwa nikihesabu vituo vyake: pale kwenye mzunguko atakanyaga, labda atakuwa polepole, itashika, pale kwenye matuta atakanyaga, labda atabahatika. Nilijua mteremko hauna bahati. Nikawa nasema kwa sauti, "Kanyaga tena, dada. Kanyaga tena." Mwenye pikapu aligeuka akaniangalia kupitia kioo kidogo cha nyuma, akadhani naongea na wafu, na kwa kweli nilikuwa nikiogopa kwamba ndiyo.

Gari lilikuwa limeingia ua wa watu ng'ambo tu ya daraja, pua imekutana na ukuta wa mawe. Kioo kilikuwa kimemwagika kwenye nyasi, na karatasi za mtihani zimetapakaa kila mahali. Alikuwa ameshazichukua, alikuwa njiani kurudi, na ule mteremko wa kwenda alikuwa ameushuka salama kabla ya kunaswa kwenye huu wa ng'ambo. Wenye nyumba walikuwa wamempeleka hospitali. Mtunza bustani wao alinieleza amesikia kishindo tu, hakusikia matairi yakilia. "Hata hakushika breki, huyo mama. Ni kama aliogopa akaganda." Niliingiza mguu ndani ya lile gari lililopondeka nikaikanyaga pedali. Ilizama hadi chini. Nikakanyaga mara ya pili, nikauondoa mguu, maana sikutaka kujua.

Hakufa. Nyonga ilivunjika, na paja. Usiku ule na siku mbili zilizofuata nyumba ilijaa watu, nami nilipita kati yao nikibeba maji na viti, na kila nilikopita nilisikia habari ileile. Mwanamke amejifunza juzi kwenye meza. Ameganda. Amekanyaga mafuta akidhani ni breki. Gari la mumewe Salma limekaa miaka yote bila hata mkwaruzo, leo limeshikwa na asiyejua. Mjomba Feisal mwenyewe, mtu mpole, alisema huku machozi yakimtoka, "Kosa ni langu, nilimtia maneno ya kujiendesha." Na Rukia kule wodini, waliokwenda kumwona walisema, hajitetei. Anasema tu hakumbuki. Anasema huenda kweli aliganda. Mimi nikasikia yote hayo na sinia la chai mkononi, na kazi yangu ikiwa salama kuliko wakati wowote, kwa maana sasa nani angemruhusu Rukia aguse usukani tena?

Siku ya tatu nilisimama ukumbini. Nilivua viatu. Nilikohoa. Nikakohoa tena.

"Nakusikia, mwanangu. Sema."

Nikasema. Nilisema yote, ya Ochieng, ya mistari ndani ya pampu, ya wali nilioshindwa kuumaliza, ya mguu wangu, ya swali la Rukia na jibu langu. Nilizungumza na kitambaa cha kijani, na nadhani kama ningeuona uso wake nisingethubutu. Nilipomaliza, nyuma ya pazia nikasikia tasbihi ikiwekwa juu ya meza.

"Wajua kwa nini nilikuuliza wewe?" akasema. Sauti yake haikupanda. "Kaka yangu alikuwa na gari la kuniuzia. Binti yangu alikuwa na hamu ya kuendesha. Mimi mwenyewe nilikuwa na mume wangu ndani ya lile gari. Nikajiuliza, ni nani katika nyumba hii asiye na haja yake? Nikasema, Wekesa."

Nikasema nitaondoka siku hiyohiyo, akasema ndiyo, utaondoka. Nikasema naomba anisamehe. "Mimi bado nimo edani," akasema. "Siwezi kutoka kwenda kumwambia Rukia, na wala sitamtuma mtu. Utakwenda mwenyewe. Ukishatoka huko, uende zako."

Nilifika hospitali saa ya kutazama wagonjwa, begi langu begani. Rukia alikuwa amelala mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe, uso umejaa mikwaruzo midogo, mtandio umefungwa vibaya na mtu asiyejua kuufunga. Kwenye kitanda cha pili alikuwako mama mmoja mzee aliyeanguka bafuni. Nilisimama miguuni pa Rukia nikamweleza kama nilivyomweleza mama yake, ila safari hii hakukuwa na pazia, na kila neno niliona linakoanguka. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata nilikuwa nikiyatamani. Yeye alinitazama tu, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo nilikanyaga?"

"Ulikanyaga, dada."

"Breki? Si mafuta?"

"Ulikanyaga breki. Haikuwapo."

Akafunga macho, machozi yakashuka pande zote mbili hadi masikioni, kwa kuwa hakuweza kugeuka. "Toka, Wekesa," akasema. Nikatoka. Niliketi kwenye benchi la nje ya wodi, chini ya dirisha, nikimsubiri askari aje, au Mjomba, au yeyote wa kunishika shati. Hakuja mtu. Saa ya wageni ikaisha, muuguzi akapita na dawa, na kupitia lile dirisha nikamsikia Rukia akimwambia muuguzi, kisha yule mama wa kitanda cha pili, kisha mfagiaji, kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema, "Mimi nilikanyaga. Nilikanyaga breki." Alimwambia kila aliyepita karibu na kitanda chake.